Mafuta ya maranda yapo, ila si dizeli

Anayepita Mafinga, mkoani Iringa, huona milima ya maranda kando ya mashine za kupasulia mbao, mingine ikifuka moshi mchana kutwa. Misonobari ya shamba la miti la Sao Hill inapasuliwa, mbao zinapanda lori, uchafu unabaki. Ndiyo maana swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: injinia, kwa nini tusigeuze takataka hizi ziwe dizeli? Huwa najibu kwamba kuyapata mafuta si kazi ngumu kiasi hicho. Kazi ni kumpata wa kuyatumia.

Njia ya kuyapata inaitwa pairolisisi, na mchoma mkaa anaifanya kila siku, hata kama haiiti hivyo. Anapasha mti joto huku akiunyima hewa ya kuuwakisha. Ule moshi mzito unaotoka kwenye tanuri umebeba mvuke wa mafuta; ukigusa bati la baridi unaacha matone ya kahawia yanayonata vidoleni. Yeye shida yake ni mkaa, kwa hiyo huenda polepole, kwa siku kadhaa. Anayetaka mafuta huharakisha. Maranda husagwa hadi chembe za milimita tatu au chini yake, hukaushwa mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 10, kisha huingizwa kwenye mchanga wenye joto la nyuzi 500 hivi za Selisiasi. Mvuke lazima utoke na kupozwa ndani ya sekunde mbili hivi. Ukichelewa kwenye joto hilo, unazidi kuvunjikavunjika na kuwa gesi, na mafuta yako yameshakwenda.

Mambo yakienda sawa, kilo 100 za mbao kavu hutoa kilo 60 hadi 70 za mafuta. Zinazobaki ni mkaa na gesi, na hivyo viwili huchomwa palepale kuupasha mchanga joto, kwa hiyo mtambo ukishawaka unajilisha wenyewe.

Sasa tuyatazame mafuta hayo. Ni meusi ya kahawia, na harufu ya moshi inakaa kwenye nguo hadi kesho yake. Ukiyamimina kwenye chupa moja na dizeli, dizeli inaelea juu na yenyewe yanakaa chini. Ukitikisa, muda si mrefu vimeachana tena. Robo yake hivi ni maji, na hayo huwezi kuyachuja kwa sababu yameyeyukiana na mafuta. Ni makali kama siki, hivyo tangi la chuma cha kawaida yatalila. Unahitaji chuma cha pua au plastiki. Yakikaa miezi yanazidi kuwa mazito, na ukiyachemsha ili kuyasafisha kama mafuta ghafi, karibu nusu yanageuka lami ngumu chini ya chombo. Kisa cha yote haya ni oksijeni ya mti, ambayo imehamia kwenye mafuta. Kwa hiyo kilo yake moja ina nishati isiyofika nusu ya kilo ya dizeli. Usiyatie kwenye bodaboda, tafadhali.

Oksijeni inaweza kuondolewa kwa haidrojeni, kwa mgandamizo mkubwa pamoja na kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia, ila haidrojeni ni ghali na kichocheo huzibwa na masizi mapema. Kampuni ya KiOR ya Marekani ilijaribu njia ya vichocheo huko Columbus, Mississippi, ikakopeshwa na jimbo dola milioni 75, na mwaka 2014 ikafilisika.

Waliofanikiwa walianza na mteja. Mtambo wa Empyro, mjini Hengelo, Uholanzi, ulianza mwaka 2015 ukiwa na uwezo wa kula tani tano za mabaki ya mbao kwa saa. Mafuta yake yalikwenda kwenye boila, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, la kiwanda cha maziwa kilichokuwa kikichoma gesi asilia. Boila halichagui kama injini. Huko Gävle, Sweden, kampuni ya Pyrocell ilianza kuyatengeneza kwa maranda kando ya kiwanda cha mbao, yakapelekwa kuchanganywa kwa sehemu ndogo na mafuta ya kutoka ardhini ndani ya mitambo ya kusafishia mafuta iliyokuwepo tayari.

Tukirudi kwetu, pumba za mpunga naziweka kando kwa kazi hii: majivu yake yanakaribia moja ya tano ya uzito. Mabua ya mahindi nayo yana potasiamu, inayovunja mvuke na kupunguza mafuta. Maranda ya msonobari ni bora zaidi, ila yakitoka kwenye msumeno karibu nusu yake ni maji, na kukausha ni gharama. Halafu kuna mteja. Viwanda vya chai vya Mufindi vinachoma kuni, na kuni ni rahisi kuliko mafuta yoyote nitakayotengeneza. Hesabu inaanza kueleweka kwa kiwanda kinachochoma mafuta mazito yaliyosafirishwa kutoka bandarini, kilicho karibu na mbao na tayari kubadilisha pua za kunyunyizia mafuta kwenye boila na matangi. Mwenye maranda asiye na jirani wa namna hiyo ni afadhali aanike, ayashindilie yawe briketi, vipande vigumu vya kuchoma kama kuni, na auze kwa wachoma matofali.