Moyo wa Farao: nani aliufanya mgumu?

"Mwalimu, Farao alikosa nini basi, ikiwa Mungu mwenyewe ndiye aliyemfanya mgumu?" Juzi nimeulizwa tena. Swali ni halali. Kinachonichosha ni kwamba anayeuliza huwa hajakisoma kitabu cha Kutoka mfululizo.

Chukua kalamu mbili za rangi, usome sura ya 7 hadi ya 11 bila kuruka. Katika mapigo matano ya kwanza (damu, vyura, chawa, mainzi, tauni ya mifugo) hutapata mahali panaposema Mungu aliufanya moyo ule mgumu. Ama moyo "ukawa" mgumu, ama Farao mwenyewe aliufanya hivyo, tena pale alipoona nafuu: vyura wakafa, na ahadi yake ya kuwaachia Waisraeli ikafa nao. Mungu anatajwa kama mtendaji kwanza kwenye majipu, pigo la sita (9:12). Mvua ya mawe ilipokatika, ni Farao tena (9:34). Ndiyo, 4:21 na 7:3 Mungu anasema mapema kwamba atafanya. Sikatai. Ila simulizi linamwonyesha akifanya baada ya mtu kukataa mara tano.

Halafu kuna vitenzi vya Kiebrania vinavyotumika kwa moyo huo. Qasha ni kuwa mgumu, kaved ni kuwa mzito, na chazaq, kinachojirudia zaidi, ni kuwa imara. Hiki cha mwisho ndicho Yoshua anachoambiwa awe hodari (1:6). Ninavyosoma mimi, Farao hakupewa wazo geni; alitiwa nguvu ya kung'ang'ania alilokwisha kulichagua. Makuhani wa Wafilisti waliliona hilo bila darasa langu: 1 Samweli 6:6 wanawauliza watu wao kwa nini waifanye mioyo yao mizito kama Wamisri na Farao walivyoifanya yao. Walivyoifanya wao!

Kuna na madai mengine ninayoyasikia. "Moyo mgumu ni ukatili." Kwa Kiswahili, sawa. Kwa Kiebrania lev (moyo) ndipo mtu anapofikiri na kuamua. Kichwa chetu, karibu.

"Shingo ngumu ni tusi kwa mataifa." Soma Kutoka 32:9: wanaoitwa hivyo ni Israeli, ndama wa dhahabu akiwa bado amesimama. Picha yake ni ng'ombe anayegomea nira.

"Moyo wa nyama ni moyo wa dhambi." Msimvalishe Ezekieli kanzu ya Paulo, ambaye kwake nyama, yaani mwili, mara nyingi ni upande wa dhambi. Katika Ezekieli 36:26 nyama ni kinyume cha jiwe, na ndiyo zawadi yenyewe.