Kinga nayo inahitaji wa kuizuia

Haipiti muda bila mtu kunitumia tangazo la unga, chai au kidonge cha "kuongeza kinga" na kuniuliza kama kinamfaa mgonjwa wa saratani. Kazi yangu ni kuchunguza seli za kinga maabara. Unga wenyewe haunisumbui sana. Kinachonisumbua ni imani inayouzwa pamoja nao, kwamba kinga kadiri inavyozidi ndivyo afya inavyozidi. Mwilini mwako sasa hivi zimo seli ambazo kazi yake ni kuizuia kinga, na bila hizo huenda usingeumaliza hata utoto.

Zinaitwa seli T dhibiti; seli T ni aina ya chembe nyeupe za damu, askari wa kinga. Ni chache: katika damu ya mtu mzima, kati ya seli T zenye alama ya CD4 (protini iliyo juu ya seli), hizi ni kama asilimia 5 hadi 10 tu.

Aliyezifuatilia kwa ukaidi ni Mjapani Shimon Sakaguchi. Ilikuwa imeshajulikana kwamba panya akiondolewa tezi ya thaimasi, ambamo seli T hukomaa, siku ya tatu baada ya kuzaliwa, hapati tu kinga dhaifu kama ungetarajia. Kinga yake inageuka na kushambulia viungo vyake mwenyewe. Sakaguchi alichukua seli T za panya wazima wa ukoo uleule, akawadunga hao walioondolewa tezi, na ugonjwa ukazuilika. Maana yake ndani ya seli T kulikuwa na kundi linalotuliza mengine. Kusema hivyo wakati ule kulikuwa ni kujitafutia kejeli, maana miaka ya 1970 wanasayansi wengi walishabikia habari za "seli T kandamizi", kisha ushahidi ukaporomoka na somo zima likachafuka jina. Ilimchukua zaidi ya miaka kumi kupata alama ya kuzitambua, protini ya CD25 iliyo juu ya seli. Alichapisha mwaka 1995.

Upande wa pili wa habari hii uko Marekani, na ndio ninaoupenda zaidi. Katika miaka ya 1940, kwenye maabara ya Oak Ridge, Tennessee, walizaliwa panya madume wenye ngozi ya magamba na wengu uliovimba, waliokufa baada ya wiki chache. Ukoo huo ulitunzwa kwa miongo kadhaa kabla Mary Brunkow na Fred Ramsdell, waliokuwa kwenye kampuni moja karibu na Seattle, hawajaamua kutafuta jeni lenye kasoro. Kromosomu X ya panya ina herufi za DNA kama milioni 170. Walibana eneo la utafutaji hadi herufi 500,000 hivi, wakakuta jeni 20, wakayakagua moja baada ya jingine. Kasoro ilikuwa kwenye la 20. Wakaliita Foxp3.

Mwaka huohuo wa 2001 ikaonekana kwamba jeni hilohilo ndilo lenye hitilafu kwa wavulana wenye ugonjwa wa IPEX, ambao hupata kisukari wakiwa wachanga, kuhara kusikokoma na ukurutu, na wengi hufa mapema wasipopandikizwa uboho. Miaka miwili baadaye ilithibitika kuwa Foxp3 ndilo jeni linaloziongoza seli za Sakaguchi. Watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Zinazuiaje? CD25, ile alama, ni sehemu ya kipokezi cha interlukini-2, kichocheo ambacho seli za kushambulia hukihitaji ili ziongezeke. Seli dhibiti zimejaa vipokezi hivyo, kwa hiyo hukifyonza kabla wengine hawajakifikia. Zina pia protini ya CTLA-4, inayonyofoa kutoka kwenye seli za jirani molekuli ambazo bila hizo seli ya kushambulia haipati ruhusa ya kuanza kazi. Ziko njia nyingine, lakini hizi mbili zinatutosha kwa leo.

Sasa saratani. Seli dhibiti ni kama wazee wanaoitwa kutenganisha wagomvi. Uvimbe wa saratani umejua kuwaita wakae barazani kwake, na kila anayekuja kumkamata mwizi anaambiwa apoe. Mwaka 2004 watafiti walionyesha jinsi saratani ya ovari inavyotoa kemikali ya CCL22 inayozivuta seli hizi, na kwamba wagonjwa waliokuwa nazo kwa wingi ndani ya uvimbe waliishi muda mfupi zaidi. Si kila saratani inafuata mkondo huo. Kwenye utumbo mpana, tafiti kadhaa zimekuta kinyume chake, pengine kwa kuwa baadhi ya seli zenye FOXP3 (protini inayotokana na jeni lile la Foxp3) huko si dhibiti kweli.

Utasema basi ziuliwe. Zimeshauliwa, kwa panya. Mwaka 2007 panya wazima walioondolewa seli dhibiti zote walikufa ndani ya wiki chache, kinga yao ikiwa imewashambulia mwili mzima. Kazi ngumu ni kuziondoa mahali pamoja tu.

Ipilimumab, dawa inayoziba CTLA-4, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani ya ngozi ya melanoma. Kwa panya, sehemu kubwa ya nguvu ya dawa za aina hii hutokana na kuua seli dhibiti zilizo ndani ya uvimbe. Kwa binadamu bado tunabishana, na mimi ushahidi uliopo haujanishawishi. Lisilobishaniwa ni kwamba dawa hiyo huifungulia kinga breki mwili mzima: utumbo huvimba, ini na tezi ya thairoidi hushambuliwa. Mgonjwa anayetumia dawa hii akianza kuhara, asiende duka la dawa kununua kidonge cha kufunga tumbo na kusubiri. Ampigie daktari wake siku hiyohiyo, kwa sababu mara nyingi tiba yake ni steroidi, yaani dawa ya kushusha kinga. Muuza unga hawezi kukwambia hilo.

Interlukini-2 yenyewe iliidhinishwa mwaka 1992, kwa dozi kubwa, kutibu saratani ya figo. Wachache walipona kabisa. Wengi hawakunufaika, na baadaye tukaelewa sababu mojawapo: tulikuwa tunazilisha pia seli dhibiti. Leo dozi ndogo ya dawa hiyohiyo inajaribiwa kwa wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, makusudi kabisa ili seli dhibiti ziongezeke. Siklofosfamidi, dawa ya saratani iliyo kongwe na ya bei nafuu, nayo ikitolewa kidogokidogo huzipunguza, japo athari hiyo haidumu.

Tumaini langu liko kwa CCR8. Mwaka 2016 ilionekana kwamba seli dhibiti zilizo ndani ya uvimbe wa matiti, mapafu na utumbo mpana zina kipokezi hiki kwa wingi kuliko zile zilizo kwenye damu. Kingamwili za kukilenga zinajaribiwa kwa wagonjwa. Matokeo yakitoka, wengi watakimbilia kuangalia uvimbe umepungua kiasi gani. Mimi nitaanza na jedwali la madhara, nione utumbo na thairoidi za wagonjwa zimebaki salama au la.