Uchovu wa chuma: bembea huzeekaje?

Idi au Krismasi ikikaribia, viwanja vya Mwanza hujaa bembea: gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, viti vya minyororo, treni ya watoto. Nyingi huwa zimetoka kupakwa rangi, na mzazi huangalia hiyo rangi. Lakini umri wa bembea hauko kwenye rangi, wala mwaka iliotengenezwa hautoshi kuueleza. Kinachoizeesha zaidi ni idadi ya mizunguko ambayo chuma chake kimebeba. Hali hiyo ndiyo inayoitwa uchovu wa chuma.

Chukua waya wa kufungia nondo. Ukiuvuta kwa mikono haukatiki. Ukunje na kuukunjua palepale mara kadhaa, unakatika. Chuma cha bembea hupinda kidogo sana, jicho halioni, lakini kila mzunguko kinabanwa na kuachiwa. Penye kasoro, hasa pembeni mwa sehemu iliyochomelewa au kwenye tundu la bolti, huanza ufa mwembamba kuliko unywele. Ufa huo hukua polepole, miezi au miaka, mpaka chuma kilichobaki hakitoshi tena. Hapo kinakatika ghafla, hata kama siku hiyo bembea haikupakia watu kupita kiasi.

Somo hili lilianzia kwenye reli. Mwaka 1842 ekseli ya kichwa cha treni ilikatika njiani kutoka Versailles kwenda Paris, na zaidi ya watu 50 wakafa. Zaidi ya miaka kumi baadaye, mhandisi Mjerumani August Wöhler alianza kujaribu ekseli kwa kuzipa mzigo uleule tena na tena. Aliona kwamba chuma hukatika kwa mzigo mdogo kuliko ule ambao kingeubeba mara moja bila shida, mradi urudiwe vya kutosha. Aliona pia kwamba mzigo ukiwa mdogo sana, chuma hudumu karibu bila kikomo.

Sasa tupige hesabu ya gurudumu letu. Likizunguka mara 4 kwa dakika, saa 6 kwa siku, hiyo ni mizunguko 1,440. Likifanya kazi siku 100 kwa mwaka, miaka 10 inaleta zaidi ya mizunguko milioni 1.4. Bembea mbili zilizotoka kiwandani siku moja, moja ikafunguliwa sikukuu tu na nyingine kila siku, si za umri mmoja.

Uzito nao una hesabu yake, na hii ningependa kila mwenye bembea aishike. Kwenye kiungo cha kuchomelea, nguvu inayokipiga ikiongezeka mara mbili, umri wake hugawanywa takribani kwa nane. Watu wazima wanaobanana kwenye viti vya watoto jioni ya sikukuu wanakula miaka ya kile chuma, hata wakishuka salama.

Halafu kuna kutu. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kwa hiyo chuma cha Mwanza hakiliwi kama cha Dar es Salaam au Tanga. Hilo lisimpumbaze mtu. Mvua huingia ndani ya mabomba ya chuma na kutuama, na kutu hula kutoka ndani huku nje rangi ikiwa safi. Mwaka 2017, kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio, Marekani, mkono wa bembea iliyokuwa na miaka 18 ulikatika ikiwa kwenye mwendo. Mtu mmoja alifariki siku hiyo na wengine wakajeruhiwa. Mtengenezaji alisema kutu ya ndani ilikuwa imepunguza unene wa chuma. Na chuma kinacholiwa na kutu hupoteza ule unafuu alioukuta Wöhler: hata mzigo mdogo hatimaye hukiua.

Ndiyo maana fundi makini haanzi na brashi ya rangi. Anakwangua rangi kwenye viungo, anasafisha, anapaka dawa nyekundu inayopenya, anasubiri, anaifuta, kisha anapuliza dawa nyeupe. Kama kuna ufa, mstari mwekundu unajichora wenyewe juu ya weupe. Unene wa bomba hupimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, kama kile kinachotumika kwenye mabamba ya meli.

Beringi, bolti, mikanda na nyaya ni vitu vya kubadilisha bila kubishana. Bolti iliyoandikwa 8.8 kichwani, yaani alama ya uimara wake, irudishiwe 8.8, si yoyote iliyoingia kwenye tundu. Ugumu uko kwenye ekseli kuu na fremu. Kuchomelea juu ya ufa bila kuusaga wote mpaka mwisho ni kuuficha, na joto la kuchomelea huacha sehemu mpya dhaifu kando yake. Nyufa zikirudi palepale, sehemu hiyo ibadilishwe. Na bembea ya mtumba iliyokuja bila daftari la matengenezo ihesabiwe kuwa imechoka mpaka vipimo viseme vingine.

Uzee peke yake si hukumu. Mv Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961, ilirudi majini 2020 baada ya ukarabati mkubwa, pamoja na injini mpya. Gurudumu kubwa la Vienna, Austria, lilijengwa 1897, likaungua 1944, na lilipofunguliwa tena 1947 lilirudishiwa vyumba 15 tu badala ya 30. Walipunguza mzigo, na linazunguka hadi leo.

Mzazi anayesubiri foleni naye aangalie viungo: unga mwekundu kuzunguka bolti, au mstari wa kutu unaochuruzika kutoka kwenye kiungo kilichopakwa rangi juzi. Juni 2023, kwenye bustani ya Carowinds, Marekani, ufa mkubwa kwenye nguzo ya Fury 325, treni ya kasi ya kuburudisha watu, uligunduliwa na mgeni. Bembea ilifungwa siku hiyohiyo, na nguzo haikuchomelewa, ilibadilishwa yote.