Hardwick Hall: tazama dohani kabla ya vioo

Ukiwaonyesha watu picha ya Hardwick Hall, jumba la Derbyshire nchini Uingereza, wote hukodolea macho madirisha. Na kweli ni makubwa mno. Waingereza wenyewe walilitungia msemo wa vina kwamba lina vioo kuliko ukuta. Mimi kama msanifu majengo naona kazi yenyewe hasa imo ndani, kwenye dohani.

Mawe yakiondolewa kupisha vioo, mzigo wa sakafu na paa lazima upate pa kushukia. Robert Smythson, fundi aliyekwisha kujenga jumba jingine, Wollaton, aliingiza meko na dohani nyingi kwenye kuta nene za katikati. Kuta hizo zikawa uti wa mgongo wa nyumba, na kuta za nje zikapata nafasi ya kutobolewa. Minara sita nayo inashikilia pembeni.

Mwenye nyumba alikuwa Bess (kifupi cha Elizabeth) wa Hardwick, aliyeolewa mara nne na kila mara akazidi kutajirika. Ujenzi ulianza 1590, wakati nyumba yake nyingine, hatua chache tu kutoka hapo, haijamalizika, ukaisha 1597! Juu ya minara alichongesha herufi ES, za jina lake, Elizabeth Shrewsbury, zionekane na kila apitaye bondeni.

Sasa tazama madirisha yanavyorefuka kadiri unavyopanda. Chini, kwenye madirisha mafupi, ni watumishi na jiko. Ghorofa ya kwanza ni ya Bess na jamaa zake. Ya pili, yenye madirisha marefu kuliko yote, ni ya kupokelea wakubwa: ukumbi wenye plasta iliyofinyangwa msitu mzima, Diana, mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi, akiwa na wanyama wake, na baraza ndefu ya takriban mita 50. Yaani cheo cha mtu unakisoma ukiwa nje. Malkia Elizabeth I, ambaye fahari yote hiyo ingemfaa, hakufika kamwe.

Ulinganifu huo una hila zake. Baadhi ya madirisha ni ya uongo; nyuma ya kioo kuna ukuta. Sioni aibu yoyote hapo, wasanifu wote tunafanya.

Gharama ya vioo inalipwa mpaka leo. Baridi ilipenya, ndiyo maana kuta zilivikwa vitambaa vizito vilivyofumwa picha, na mwanga nao ukavififisha. Vile 13 vya kisa cha Gideoni wa Biblia vimekarabatiwa kwa zaidi ya miaka 20, kazi ikaisha 2023, na sasa mapazia hushushwa mchana kuvikinga na jua.