Kwa nini niliiondoa foleni ndani ya kiini

Katika mfumo endeshi wenye kiini kidogo, yaani ambao sehemu yake ya ndani kabisa inayotawala mashine hufanya kazi chache tu, programu ya diski, ya faili na ya mtandao ni michakato ya kawaida, kila mmoja ukiwa na eneo lake la kumbukumbu, wala hauwezi kuufikia mwingine ila kwa ujumbe unaopitia kwenye kiini.

Kiini ninachokiandika hapa Mombasa hapo awali kilizipanga jumbe hizo katika foleni yake. Ilikuwa kama kumwachia mwenye duka wa Kibokoni barua ampe jirani akipita: wewe huenda zako, naye hubaki na amana za mtaa mzima. Kumbukumbu ya foleni itoke kwa nani? Ikijaa, mtumaji akataliwe au asubirishwe? Mpokeaji akifa, jumbe zake zifutwe na nani? Kila jibu nililoliandika lilizaa msimbo mwingine, na kila ujumbe ulinakiliwa mara mbili, kuingia na kutoka.

Sasa michakato hukabidhiana ujumbe mkono kwa mkono. Mtumaji husubiri hadi mpokeaji awe tayari, kisha kiini hunakili ujumbe mara moja tu, na ukiwa wa maneno machache hupita ndani ya rejista, vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa yenyewe, bila kugusa kumbukumbu. Njia hii si yangu. Mwaka 1993 mwanasayansi wa kompyuta Jochen Liedtke alionyesha kwamba, kwenye prosesa ya 486 ya megahezi 50, ujumbe mfupi katika mfumo wake wa L3 ulichukua takriban maikrosekunde 5, ilhali Mach, kiini kilichobuniwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, kilihitaji takriban 115; pengo hilo lilitokana na hatua nyingi zilizopunguzwa kwa pamoja, si hila moja.

Muda wa mwisho wa kusubiri nao nimeufuta. Nilipopitia msimbo wangu niligundua kwamba nilikuwa nikiandika ama sifuri ama milele, jambo ambalo waandishi wa viini vya L4, warithi wa L3, waliligundua zamani.

Gharama ipo, nami niliionja: seva ya faili, yaani mchakato unaohudumia faili, ilisubiri ya diski, ya diski ikasubiri ya faili, na mashine ikaganda. Tangu hapo maombi huteremka upande mmoja tu. Seva ya chini ikitaka kuiamsha ya juu hupiga kengele, yaani huwasha biti moja bila kusubiri, na kengele zinazorudiwa kabla ya kusikika huhesabika kuwa moja. Kengele haibebi maelezo. Data kubwa hukaa katika kurasa za kumbukumbu zinazotumiwa na pande zote mbili.

Foleni yenyewe haikutoweka, imehamia kwenye seva ya diski, ambayo hushikilia maombi kadhaa na kuanza na lile lililo karibu na kichwa cha kusomea, jambo ambalo kiini, kisichojua chochote kuhusu diski, hakingeweza kulifanya.