Nepi za kitambaa: kwanza kinachonyonya, kava baadaye

Wazazi wengi wanaokuja kushonewa nepi huanza kwa kuchagua maua. Wanataka zenye tembo, zenye nyota, zenye rangi ya kuendana na shuka la mtoto. Mimi huuliza kitu kingine: ndani tutaweka nini? Hapo ndipo mazungumzo huanza upya, kwa sababu tembo na nyota huwa kwenye kava, na kava hainyonyi hata tone.

Nepi ya kitambaa ina kazi mbili, na kila kazi ina kitambaa chake. Kimoja hunyonya mkojo, nacho ni pamba au kitambaa cha jamii hiyo. Kingine huuzuia usifike kwenye nguo, nacho ni kava, ambayo siku hizi mara nyingi ni poliesta iliyopakwa utando mwembamba wa plastiki upande mmoja. Ukishazitenganisha kazi hizi, aina zote zinazokuchanganya dukani zinakuwa rahisi kuelewa. Nepi ya mraba ni kipande kimoja cha pamba, chenye upande wa sentimita 60 hadi 70, unachokikunja mwenyewe, ukakifunga kwa pini, kisha ukamvalisha mtoto kava juu yake. Kuna iliyokunjwa na kushonwa tayari, katikati nene kuliko pembeni. Nepi ya mfuko ni kava iliyoshonewa bitana, ikaachwa wazi upande mmoja ili uingize pedi ya kunyonya. Halafu kuna ile ambayo kila kitu kimeshonwa pamoja: huvalishwa upesi kuliko zote, na huchelewa kukauka kuliko zote.

Nikiulizwa aanze na ipi, jibu langu ni mraba. Najua haina mvuto. Lakini ina tabaka moja tu la kitambaa, kwa hiyo maji na sabuni vinapita, uchafu hauna pa kujificha, na inakauka haraka hata siku ya mawingu. Anayefua kwa mkono asitafute nyingine. Inakunjwa kufuata umbo la mtoto aliyepo leo, na mtoto akiacha nepi inabaki kuwa kitambaa kizuri cha usafi. Kwa bibi, dada au jirani atakayemshika mtoto, weka mbili tatu za mfuko, ukiwa umeshaziingiza pedi kabisa, na hakuna atakayekuuliza zinakunjwaje.

Idadi inategemea utafua mara ngapi. Mtoto mchanga hubadilishwa kama mara 10 hadi 12 kwa siku, na idadi hushuka anavyokua. Ukifua kila baada ya siku mbili, vipande 24 hivi vinatosha, pamoja na kava tano au sita, kwa kuwa kava iliyopata mkojo tu hufutwa, ikaanikwa, ikavaliwa tena. Iliyopata kinyesi huenda kufuliwa. Ila usinunue zote kwa mpigo. Zile zinazouzwa kwa maelezo kwamba mtoto atazivaa tangu kuzaliwa hadi aache nepi, kwa kawaida humkaa vizuri akishafika kilo nne hivi. Kabla ya hapo miguu ni myembamba na mkojo hupita pembeni, mzazi akadhani nepi za kitambaa ndivyo zilivyo.

Sasa vitambaa, maana hapa ndipo fedha za watu hupotea. Pamba hunyonya upesi na huvumilia maji ya moto. Hempu, yaani kitambaa cha nyuzi za mmea wa jamii ya bangi, hunyonya taratibu lakini hubeba mkojo mwingi bila kuwa nene, kwa hiyo mahali pake ni chini ya pamba: pamba inapokea, hempu inatunza. Kitambaa cha mianzi ni laini na hunyonya vizuri, ila usilipe zaidi kwa sababu umeambiwa kinaua vijidudu. Mianzi ikishayeyushwa kwa kemikali na kugeuzwa nyuzi, inakuwa rayoni kama rayoni nyingine. Maikrofaiba, kitambaa cha nyuzi nyembamba sana za plastiki, hunywa haraka kuliko zote, lakini ikibanwa huutema mkojo. Mtoto akikalia nepi au akifungwa mgongoni, hapo hapo inavuja. Tena isigusane na ngozi yake, kwa kuwa inaikausha. Iwe ndani ya mfuko daima.

Pamba mpya na hempu mpya hazinyonyi sawasawa, kwa sababu nyuzi bado zina mafuta yake ya asili. Zifue kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa kabla ya kumvalisha mtoto. Kujua kama ziko tayari, dondoshea maji kidogo juu yake: yakisimama kama shanga, rudi kwenye beseni.

Kuvalisha kuna jambo moja ambalo watu hulikosea kuliko yote: lastiki ya mguuni inakaa kwenye mkunjo wa kinena, pale paja linapokutana na mwili, na siyo katikati ya paja. Ingiza kidole na ufuatishe ukingo wote, mbele hadi nyuma. Pamba isichungulie nje ya kava hata kidogo, kwani kipande hicho kitafanya kazi ya utambi wa taa na kuvuta mkojo hadi kwenye nguo. Kiunoni vidole viwili vipite. Alama nyekundu inayofifia muda mfupi baada ya kuvua ni ya kawaida. Ikikaa au ikiwa na kidonda, legeza. Kwa mtoto ambaye kitovu hakijadondoka, kunja sehemu ya mbele ishuke chini yake ili kikauke kwa hewa. Na kwa wanaoogopa kwamba unene wa nepi utamharibia mtoto miguu: nyonga za mtoto mchanga hupenda miguu iliyopanuka na kukunjika. Kinachokatazwa ni kumfunga miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja.

Nepi ikivuja, usikimbilie kununua kava nyingine. Ivue uiguse. Pamba ikiwa imelowa yote, imezidiwa: ongeza tabaka au badilisha mapema. Ikiwa imelowa sehemu moja na kwingine ni kavu, tatizo ni ukaaji wake mwilini, au pamba imeshika mafuta na haipokei. Mchana muda wa saa mbili hadi tatu unatosha kwa nepi moja, na kinyesi hakisubiri hata dakika. Usiku ongeza tabaka la hempu.

Kufua ndiko kunakowatisha wengi. Kinyesi cha mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo kinaweza kufuliwa moja kwa moja. Akianza vyakula, karibu na miezi sita, kinyesi kitolewe kwanza kikatupwe chooni. Kipande cha flisi, kile kitambaa laini cha poliesta chenye manyoya mafupi, kikiwekwa juu ya nepi upande wa ngozi hurahisisha kazi hiyo, maana kinadondoka bila kung'ang'ania.

Nepi chafu zikae kavu, kwenye ndoo au kapu linalopitisha hewa, siku mbili, tatu zikizidi sana. Ile desturi ya kuziloweka kwenye ndoo kutwa kucha nashauri iachwe. Maji yaliyotuama na mkojo hulea vijidudu, lastiki huoza mapema, na ndoo ya maji ni hatari ya kweli kwa mtoto anayetambaa: sentimita chache tu zinatosha kumzamisha.

Siku ya kufua, suuza kwanza kwa maji ya baridi, kwa kuwa maji ya moto hugandisha madoa ya kinyesi. Kisha fua kwa maji ya moto na sabuni ya kutosha. Kwa mashine, nyuzi joto 60 kwa nepi za pamba na mzunguko mrefu, pipa likiwa limejaa kama robo tatu ili nguo zisuguane. Kava na mifuko zifuate kibandiko chake. Kwa mkono ni kusugua, kukamua, kubadilisha maji na kurudia, halafu kusuuza mpaka maji yatoke bila povu. Utasikia ushauri kwamba utumie sabuni kidogo mno ili isigande kwenye kitambaa. Siukubali. Nepi nyingi zinazoletwa kwangu kwa malalamiko ya kunuka hazijazidiwa sabuni, zimepunjwa. Harufu kali inayowasha macho ni amonia, inayotokana na vijidudu kuvunja urea ya mkojo uliobaki kwenye nyuzi. Maji yenye chumvichumvi nyingi huongeza tatizo, maana madini hukamata sabuni kabla haijafanya kazi, kwa hiyo huko ongeza sabuni zaidi. Dawa ya kulainisha nguo usiitumie kabisa. Inaacha utando unaofukuza maji.

Dawa ya klorini ni ya mara chache, na kamwe usiimimine kwenye nepi zenye mkojo. Ikikutana na amonia hutoa mvuke wenye sumu. Fua na kusuuza kwanza, ndipo uitumie kwa kipimo cha chupa, dirisha likiwa wazi.

Jua ni dawa ya madoa, na ni bure. Anika pamba juani ikiwa bado mbichi, doa la manjano litafifia. Kava zikae kivulini, na lastiki usiivute ikiwa ya moto.

Kuhusu upele: krimu zenye zinki na mafuta ya mgando huziba nyuzi, hivyo tandika kipande cha flisi kati ya ngozi na nepi ukizitumia. Upele mwekundu sana wenye vipele vidogo pembeni, unaoingia mpaka kwenye mikunjo na hauondoki kwa siku mbili tatu, huenda ni fangasi. Mpeleke mtoto kwa daktari, usiishie kubadilisha nepi.

Wapo wanaoziacha nepi za kutupa kwa ajili ya mazingira. Nia ni njema, lakini faida inatokana na ufuaji. Wakala wa mazingira wa Uingereza ulichapisha utafiti mwaka 2008 ulioonyesha kwamba nepi za kitambaa zinazofuliwa kwa moto mkali na kukaushwa kwa mashine zinaweza zisiwe na nafuu yoyote kwa hali ya hewa, ilhali zikifuliwa mashine ikiwa imejaa, zikaanikwa kwenye kamba na kuvaliwa na mtoto wa pili, tofauti inakuwa kubwa. Na hakuna sheria ya kuchagua upande mmoja. Anayetumia za kutupa safarini na za kitambaa nyumbani hajafeli chochote.

Kuhusu huyo mtoto wa pili: kabla ya kumvalisha, vuta lastiki za kava zote. Ndizo huchoka kwanza, na si sababu ya kutupa, kwa kuwa fundi cherehani yeyote ataifumua na kuweka mpya. Kisha igeuze kava ndani nje, uitazame dhidi ya mwanga. Ukiona utando umejitenga na kitambaa, umetoa malengelenge au unabanduka, hiyo haitengenezeki. Kata vifungo uvihifadhi, kava itupe.