Faini za wachezaji wa raga Australia: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Ukitaja raga, wengi wetu hufikiria Kenya ya wachezaji saba kila upande, au ile ya wachezaji 15 ya Kombe la Dunia. Mimi nazungumzia raga ya tatu, ya wachezaji 13, iliyojitenga na wenzake mwaka 1895 mjini Huddersfield, Uingereza, kwa ugomvi wa malipo ya wachezaji. Leo ligi yake yenye fedha nyingi ni NRL ya Australia, pamoja na timu moja ya New Zealand. Karibu kila msimu wachezaji wake huingia kwenye habari za nidhamu, na habari hizo hutufikia zikiwa zimebaki tarakimu tu: fulani katozwa elfu hamsini. Kwa maoni yangu tarakimu hiyo ndiyo inayotupotosha kuliko kitu kingine. Dola zote ninazozitaja ni za Australia.

"Faini iliyotangazwa ndiyo iliyolipwa"

Mara nyingi sivyo. Aprili 2020, ligi imesimama kwa sababu ya korona na watu wametakiwa kukaa nyumbani, picha zilimwonyesha mchezaji wa NRL Latrell Mitchell akiwa na mchezaji mwingine, Josh Addo-Carr, na wenzao wakipiga kambi shambani karibu na mji wa Taree. Mitchell na Addo-Carr kila mmoja alitozwa dola 50,000. Vichwa vya habari vilikomea hapo, ilhali asilimia 60 ya fedha hizo ilisimamishwa kwa masharti: isingedaiwa kama mchezaji angetulia. Ni mantiki ile ile ya kifungo cha nje. Kilichobaki ni dola 20,000 za kulipa moja kwa moja.

Kipindi hicho hicho mchezaji mwingine, Nathan Cleary, alitozwa 10,000 kwa kuwakaribisha wageni nyumbani kwake. Baadaye video za TikTok zikatoka, ikabainika kwamba hakuwaeleza wachunguzi wa ligi ukweli wote. Faini ikapanda hadi 30,000, na akafungiwa mechi mbili. Kosa la kukaribisha wageni halikubadilika. Uongo ndio uliolipandisha bei, na hapo naona ligi ilitenda haki.

"Ukishaadhibiwa na ligi, yameisha"

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, na mfano bora ni ule wa nyama choma ya Julai 2021. Eneo la Sydney na miji jirani lilikuwa limefungwa kwa korona. Paul Vaughan wa St George Illawarra Dragons akawaita wenzake nyumbani kwake, wakafika 12. Polisi nao wakafika.

Tazama adhabu zilivyopandana. Polisi waliwaandikia faini kama ambavyo wangemwandikia raia yeyote. Kisha ligi ikaingia na kanuni zake za kujikinga na maambukizi, zilizokuwa kali kuliko sheria ya nchi, kwa sababu mechi zilikuwa zinaendelea kwa kibali maalumu cha serikali na kirusi kimoja kingeweza kusimamisha mapato yote. Wachezaji hao 13 kwa pamoja walitozwa zaidi ya dola 300,000. Vaughan alitozwa 50,000 na kufungiwa mechi nane. Wengine mechi moja moja, wakazitumikia kwa zamu ili klabu isikose watu wa kuingia uwanjani. Halafu klabu yenyewe, ambayo nayo ina mamlaka yake, ikauvunja mkataba wa Vaughan.

Hiyo ya mwisho ndiyo adhabu hasa. Elfu hamsini inauma, lakini mtu anailipa, inaisha. Mkataba ukivunjwa katikati ya msimu, mshahara wa miezi iliyobaki umeondoka, na klabu nyingine itakayokuchukua itakuchukua kwa masharti yake. Msimu uliofuata Vaughan alikuwa Canterbury Bulldogs.

"Aliyesimamishwa ameshaonekana na hatia, na hapati mshahara"

Kote kuwili si kweli. Tangu mwaka 2019 NRL ina kanuni kwamba mchezaji akifunguliwa shtaka la jinai ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 11 au zaidi, anawekwa kando moja kwa moja mpaka kesi iishe. Analipwa mshahara wake wote na anaruhusiwa kufanya mazoezi na timu. Kinachozuiwa ni kucheza mechi. Kanuni yenyewe inasema wazi kwamba hatua hiyo haimhukumu mtu.

Ilitungwa baada ya Jack de Belin wa Dragons kushtakiwa Desemba 2018. Alikana mashtaka, akaipeleka ligi kwenye Mahakama ya Shirikisho kupinga kanuni hiyo, akashindwa. Alikosa misimu ya 2019 na 2020 yote. Kesi ya jinai ilisikilizwa mara mbili, jopo la wananchi wanaoamua kesi likashindwa kuafikiana, na mwaka 2021 waendesha mashtaka wakaachana nayo. Hakuna mahakama iliyomkuta na hatia.

Naelewa kwa nini ligi iliitunga. Wadhamini walikuwa wakikimbia, na mashabiki, wanawake hasa, walichoka kumwona mtu mwenye kesi nzito akishangiliwa Ijumaa usiku. Hata hivyo misimu miwili ya mchezaji aliye kwenye ubora wake hairudishwi na mshahara. Kama kanuni itabaki, na nadhani itabaki, kesi za namna hii zinastahili kuharakishwa, kwa faida ya mshtakiwa na ya mlalamikaji pia. De Belin alirudi uwanjani mwaka huo wa 2021, na wiki chache baadaye alikuwa miongoni mwa wale 13 wa nyama choma.

"Wote ni mamilionea, faini haiwaumi"

Wachache ni mamilionea. Mwaka 2023 mshahara wa chini wa mchezaji katika vikosi vikuu uliwekwa dola 120,000 kwa mwaka. Ni fedha nzuri, lakini kodi na gharama za kuishi Sydney hazina huruma, na goti moja likivunjika kazi imekwisha. Faini ya 50,000 kwa nyota ni usumbufu. Kwa kijana wa mshahara wa chini ni karibu nusu ya mwaka. Ndiyo maana napendelea faini za asilimia ya mshahara kuliko za kiasi kimoja kwa wote.

"Ngumi uwanjani hulipiwa faini"

Faini za uwanjani ni za makosa madogo. Tangu 2022, anayefanya kosa dogo kwa mara ya kwanza, tuseme kumkamata mpinzani juu kidogo ya mabega, kwa kawaida hulipa 1,000 akikubali mapema, au 1,500 akibisha na kushindwa. Makosa mazito hulipwa kwa mechi. Kwenye fainali ya 2014 ya Super League, ligi kuu ya raga hii ya 13 Uingereza, Ben Flower wa Wigan alimpiga ngumi Lance Hohaia wa St Helens, kisha akampiga tena akiwa ameshalala chini. Mechi ilikuwa na dakika chache tu tangu ianze. Alipewa kadi nyekundu na kufungiwa miezi sita.

Kwa makocha ni kinyume: wao ndio hulipishwa fedha nyingi, hasa kwa midomo yao. Mwaka 2021 Mitchell alifungiwa mechi sita kwa kumvunja Joseph Manu mfupa wa shavu. Kocha wa Manu, Trent Robinson, aliyewashambulia waamuzi kwa maneno baada ya mechi hiyo, alitozwa 20,000.

"Israel Folau alifukuzwa na ligi hii"

Hapana. Folau ni nyota wa Australia aliyecheza raga zote mbili. Mwaka 2019 alifukuzwa na chama cha raga ya wachezaji 15 cha Australia. Raga ya 13 aliichezea kabla, na akairudia mwaka 2020 huko Ufaransa na Catalans Dragons.

"Klabu haziguswi, wanaumia wachezaji tu"

Klabu huguswa, tena vibaya. Aprili 2010 iligundulika kwamba viongozi wa Melbourne Storm walikuwa na hesabu mbili za mishahara, moja ya kuionyesha ligi na nyingine ya kweli, ili kuzidisha kiwango kinachoruhusiwa. Klabu ilitozwa nusu milioni, ikaamriwa kurudisha fedha za zawadi, ikavuliwa mataji ya 2007 na 2009. Juu ya hayo, ikaambiwa haitapata pointi yoyote msimu huo uliokuwa umeshaanza. Waliotunga hesabu zile hawakuwa wachezaji, lakini wachezaji ndio walioingia uwanjani kila wiki mpaka Septemba wakijua jibu la jedwali. Walishinda mechi 14, wakamaliza wa mwisho.